Nyuma ya Pazia la Bi Zuhura

Walisema sitaweza. Ami Athmani, mdogo wake baba, alisema mikono yangu haitashika waya bila kuunguza nyumba. Majirani wa Magogoni walisema mwanamke na mwanawe mdogo hawawezi kuendesha vyombo vya muziki, kwamba spika zitageuka makabati ya nguo kabla ya mwaka kwisha. Nilipokua, wengine wakasema hakuna mtoto wa Kisauni aliyewahi kupata maisha kwa kupiga nyimbo za watu, na kwamba huko Johannesburg nitaishia kufagia maduka. Sikufagia maduka. Nina diploma ya uhandisi wa sauti, imo ndani ya fremu ukutani hapa ninapoandika, na nimepiga muziki wa hausi ya Kiafrika katika majukwaa ambayo wasemaji wale hawajayaona hata kwenye simu. Nayasema haya waziwazi kwa sababu mtu aliyejijenga akinyamaza, wengine humsimulia wanavyotaka. Lakini nikiulizwa nilianzia wapi, sitaji Johannesburg. Nataja harufu: vumbi linaloungua taratibu juu ya amplifaya iliyopata moto, likichanganyika na udi, asmini na jasho la wanawake wanaocheza alasiri chini ya turubai. Harufu hiyo sijaikuta mahali pengine popote, na nimetembea sana.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya malori yaliyoshuka na mawe kutoka Mwakirunge. Kila lori lilipopita, vikombe vilitetemeka kabatini na vumbi jeupe likaingia hadi chini ya godoro. Baba alikuwa ameunda spika mbili kwa mikono yake, ndefu kuliko mimi, akazipaka rangi nyeusi na kuzizungushia zulia ili zisikwaruzike. Pamoja nazo palikuwa na amplifaya, deki mbili za kaseti na mixa ndogo ya kuziunganisha. Alikuwa akipiga katika harusi za wanaume na katika sherehe za shule. Kisha akaenda Uarabuni kutafuta kazi. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Mpaka leo sijui kilichomfika baba, na nimeacha kuuliza kwa sababu maswali hayo yalimwumiza mama zaidi yangu. Vyombo vilibaki sebuleni vimefunikwa leso, na wageni wakadhani tuna maiti mbili zimesimama ukutani.

Mama ndiye aliyeifunua ile leso. Wakati huo sherehe za wanawake, ile siku ya kumpamba bi harusi hasa, zilikuwa na shida moja: mwanamume haruhusiwi kuingia. Wanawake huvua mabuibui, husuka nywele, hujifunga leso kiunoni na kucheza chakacha wanavyopenda, na jicho la mwanamume halina nafasi hapo. Wapiga muziki wote walikuwa wanaume. Basi watu walitumia redio ndogo, au wakamweka mpiga muziki barabarani asijue ndani kunaendelea nini. Mama aliona pengo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikwenda nyumba kwa nyumba akisema, "Mimi ni mwanamke mwenzenu na vyombo ninavyo. Mwanangu atashika vifungo, naye bado mtoto." Nami kweli nilikuwa mtoto, wa umri ule ambao wanawake hukupita kama wanavyopita kiti. Mama alizungumza na wenye harusi, mimi nikashughulika na mashine. Mkokoteni ulibeba spika, mimi nikazishikilia kwa nyuma nikizungumza nazo kama ng'ombe.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa Rajabu na Shaabani, miezi miwili kabla ya Ramadhani, wakati harusi zinafuatana kana kwamba watu wanakimbizwa. Harusi ya kwanza ilikuwa Ziwa la Ng'ombe. Wanawake walijaa uani, mimi nimekaa juu ya kreti ya soda nyuma ya mashine, nimejaa majivuno. Chakacha ikiwa imepamba moto, stima ikapotea. Kukawa kimya, wanawake wakaguna, wakaketi wakajipepea kwa ncha za leso. Mama alitoka kwenda kuuliza kama ni mtaa mzima. Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa jirani, sauti safi ya mzee inayopanda bila kipaza sauti kwa kuwa nao hawakuwa na stima. Wanawake wakafunika vichwa wakaitikia polepole. Na katikati ya adhana ile, stima ikarudi. Hakuna aliyekuwa amegusa vifungo. Kifungo cha deki kilikuwa bado kimebanwa, amplifaya iko juu kabisa, na ngoma ya chakacha ikalipuka pale ilipokatikia, ikaifunika sauti ya mzee yule mpaka mwisho wa mtaa. Nilichomoa waya kwa nguvu hadi plagi ikang'oka na sehemu ya ukuta. Lakini ilikuwa imekwisha kusikika. Ami Athmani alikuwa msikitini siku hiyo, katika safu ya mbele.

Alikuja nyumbani jioni ile ile, hajabadilisha hata kanzu. Nilimwamkia, "Shikamoo, ami," naye akaitikia marahaba bila kunitazama. Hakuketi.

"Shemeji," alimwambia mama, "vyombo hivi ni vya ndugu yangu. Vimenifedhehesha mbele ya watu na mbele ya Mungu. Nina mtu Likoni anavitaka. Kesho atakuja na gari."

"Stima ilirudi yenyewe, shemeji. Mtoto hakufanya makusudi."

"Sikusema makusudi. Nimesema hawezi. Huyu!" Alininyoshea kidole. "Huyu hata kufunga kamba za viatu vyake ni mashaka. Wamwachia mashine ya watu wazima?"

Mama alikuwa akikuna nazi. Hakusimamisha mkono. "Nimeshampa Bi Zuhura neno langu," alisema. "Binti yake ampamba mwisho wa Shaabani. Amenipa arbuni na nimeipokea kwa mkono huu. Wewe wataka nikamwambie nini? Kwamba neno la mke wa kakako lauzwa Likoni pamoja na spika?"

Ami Athmani alikuwa mtu mkali lakini si mtu mbaya. Alitazama spika ambazo ndugu yake aliziunda, akashika pembe ya moja kama mtu anayepima joto la mgonjwa. "Harusi hiyo moja," alisema mwishowe. "Mkikosea tena, wallahi nitazibeba mimi mwenyewe kichwani." Akaondoka. Mama akaendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu, na hata hapo hakuacha kukuna.

Siku zilizofuata zilinifundisha zaidi ya madarasa yote niliyokaa baadaye, na nayasema haya nikiwa mwenye diploma, si kwa kuidharau. Mama alinikataza kuzima muziki ghafla. "Ukiuzima ghafla," alisema, "watu hufikiri sherehe imekwisha. Mmoja atakumbuka mtoto, mwingine atakumbuka sufuria motoni, na baada ya adhana utabaki na bi harusi na spika. Uwashushe. Uwaketishe bila wao kujua kwamba umewaketisha wewe." Basi kila siku, kuanzia baada ya adhuhuri, nilikaa na mashine sauti ikiwa chini kabisa nikijifunza kushuka. Niligundua kwamba ukianza kwa kupunguza sauti yote kwa pamoja, mtu huudhika. Lakini ukiiondoa besi kwanza, kidogo kidogo, miguu ndiyo huchoka kabla ya masikio. Mchezaji hujikuta amesimama. Kisha waondoa zile sauti kali za juu, kayamba na njuga, naye huketi. Huachiwa nyuzi za udi na sauti ya mwimbaji tu, na hiyo nayo waipeleka mbali, mbali, hadi hajui ilikoma lini. Adhana ikianza inakuta nyoyo zimetulia. Nilijifunza pia misikiti yetu. Ule wa barabarani ulitangulia, wa kwa fundi seremala ukafuata, na ule wa mwisho wa mtaa ulichelewa kila siku kwa sababu mwadhini wake alikuwa mlemavu wa mguu na ngazi zilikuwa nyingi. Nilijua pumzi ya kila mmoja. Mama alinitega: alisimama uani ameshika ungo, akicheza peke yake, na nikimshusha vibaya alinirushia chuya za mchele.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulizungumza. Mwezi ule ule nilianza kurefuka. Suruali zilipanda juu ya vifundo, na koo langu likawa na vitu viwili ndani yake, kimoja cha mtoto na kimoja sikijui. Nilijizoeza kunyamaza. Mama aliona, akaninyoa nywele fupi sana ili nionekane mdogo, akanivalisha kanzu ya mwaka uliopita. Tulikwenda kwa Bi Zuhura hivyo, mimi nimebana miguu ndani ya kanzu fupi.

Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye sauti ya kuamrisha, muuza vitambaa, mtu aliyejulikana Magogoni nzima kwa kutopenda hasara. Turubai lilifungwa uani kwake, mikeka ikatandikwa, kiti cha bi harusi kikazungushiwa maua. Wanawake walikuja wakavua mabuibui, uani kukajaa rangi. Niliinama nyuma ya mashine nikiunganisha nyaya. Mama alikuwa upande wa pili akitafuta soketi, akaniita kwa jina, "Swaleh!" Nami nikaitika kama nilivyolelewa kuitika.

"Naam!"

Ilitoka sauti ya baba. Sijui nilivyoifanya. Ilitoka nzito, imekomaa, ikagonga ukuta ikarudi. Uani kote leso zilipanda vichwani kwa mpigo mmoja, na mwanamke mmoja aliyekuwa amekwisha kufunga kiuno akapiga kelele, "Mwanamume! Kuna mwanamume humu!"

"Ni mwanangu," mama alisema. "Ni mtoto."

"Mtoto gani ana koo la mwadhini? Huyu keshabaleghe, mama Swaleh. Mtoe!"

"Mtoe," wengine wakasema. "Au sisi tutoke."

Mama alisimama ameshika waya. Sijawahi kumwona mdogo namna ile. Kama ningetoka, kusingekuwa na muziki, na neno lake lingevunjika mbele ya kadamnasi, na gari la Likoni lingekuja. Kama ningebaki, sherehe ingevunjika. Bi Zuhura alipita katikati ya wanawake, akanitazama kuanzia vifundo hadi kichwa kilichonyolewa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kidogo.

"Kanzu hii mmeiazima kwa mdogo wake?" aliuliza. Watu wakacheka bila kutaka. Kisha akageuka. "Leteni lile pazia la chumbani kwangu, lile zito. Mfungieni pembeni. Mimi nimelipia mikono yake, macho yake sina haja nayo."

Nilifungiwa. Pazia la kitambaa cha kijani kilichoshonwa maradufu, ukuta nyuma yangu, mashine mbele yangu, na joto la amplifaya likanipanda usoni. Sikuona kitu. Nilikuwa nimezoea kutazama mabega ya wachezaji ili kujua wimbo gani ufuate, na sasa nilikuwa kama mtu aliyeingizwa kisimani. Wimbo wa kwanza ulipita, sikujua kama kuna aliyecheza. Nilitaka kulia. Halafu nikaanza kusikia. Bangili kwanza: bangili za mkono mmoja huvuma tofauti na za mkono unaoshikana na mwingine. Kisha nyayo juu ya mkeka. Zikiwa chache zinapapasa, zikiwa nyingi zinaumeza. Vigelegele vinavyoanzia nyuma ni vya vijana, vinavyoanzia mbele ni vya wazee, na wazee wakianza, usibadilishe wimbo. Nilisikia mtu akiketi. Nilisikia kundi zima likivuta pumzi kabla ya kiitikio. Nikaacha kufikiri juu ya nyimbo nikaanza kufikiri juu ya pumzi zile, nikatia kaseti ya pili chini ya ya kwanza taratibu, mkono mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, na nyayo hazikukatika.

Kisha nikahisi alasiri inakaribia. Sikuwa na saa. Nilijua kwa kuwa kivuli cha turubai kilikuwa kimefika kwenye kidole changu cha mguu chini ya pazia. Nikaondoa besi. Nyayo zikapungua kama nilivyotaka. Nikaondoa kayamba. Nikasikia mikeka ikipokea watu. Nikaupeleka udi mbali, nikaupeleka zaidi, nikavuta vifungo vyote chini mpaka mwisho, stima iwepo isiwepo. Msikiti wa barabarani ukaanza. Nyuma ya pazia nilisikia wanawake wote wakiitikia pamoja, na mama akiitikia karibu nami upande wa pili. Nilisubiri wa pili. Nilisubiri hata yule mlemavu wa mguu apande ngazi zake. Hakuna aliyeondoka. Kisha nikarudisha kayamba peke yake, ndogo, kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili. Nikairudisha sauti ya mwimbaji. Nikawaacha wangoje. Na nilipoifungulia besi, kelele iliyopanda uani ilinitoa machozi, na pazia likapepea kwa upepo wa leso.

Nimeipiga hatua hiyo hiyo maelfu ya watu wakiwa mbele yangu. Wenye kuandika juu ya muziki wameipa majina na wakaniuliza nimeipata kwa nani. Mimi huwajibu kwamba nimejifunza mwenyewe. Ndiyo kweli, kwa upande wangu wa pazia.

Siku ya tatu Ami Athmani alikuja, na gari la Likoni lilikuwa limesimama nje. Alimkuta Bi Zuhura ameketi sebuleni kwetu anakunywa chai, amejipanga kama mwenye nyumba.

"Umekuja kuchukua spika?" alimwuliza.

"Ni za ndugu yangu, Bi Zuhura."

"Basi umechelewa. Zimekwisha kuposwa. Ramadhani ikiisha, mfungo mosi zaenda kwa dada yangu, mfungo pili kwa jirani, mfungo tatu nazitaka mimi tena. Ukiziuza, zunguka wewe nyumba hizo uwaambie mabibi harusi. Mimi sitakwenda. Na pazia nimewaachia."

Ami alinitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na ile kanzu fupi. "Ilisikika adhana?" aliniuliza, si kwa ukali.

"Zilisikika zote tatu, ami," nilisema kwa sauti yangu mpya. Akatoka nje akamrudisha mwenye gari.

Mama alizikodisha spika zile hadi nilipomaliza shule, na hata baadaye, na kwa pesa hizo akanipeleka Johannesburg. Mengine ni yangu. Nilibeba mashine za wakubwa, nikalala katika vyumba visivyo na dirisha, nikasoma mchana na kupiga vilabuni hadi jina langu likaandikwa mbele badala ya nyuma. Hakuna aliyenipa hayo. Watu wanaokuja kunisikiliza leo huinua simu zao kunipiga picha, taa zinanipiga usoni, naonekana kutoka kila upande, na muziki hauna anayetaka ushushwe. Ni maisha makubwa kuliko niliyoyatarajia. Lakini mara nyingi hufumba macho juu ya jukwaa, kwa sababu nikiwatazama watu wale sisikii pumzi zao.

Mama alifariki nikiwa mbali. Nilifika amekwisha kuzikwa, siku ya khitma, nikashuka na mabegi yangu ya safari mbele ya watu waliokaa mikekani. Baada ya dua, Ami Athmani, sasa mzee wa fimbo, alinishika mkono akanisimamisha, nami nikasema yale ambayo mtoto husema: aliyekuwa akimdai mama yangu anijie mimi. Walikuja kwa siku kadhaa. Mwenye duka, fundi aliyemrekebishia amplifaya, mwanamke aliyemwazima sufuria. Nililipa kila mmoja, nikamwomba radhi kila mmoja. Nilidhani nimemaliza. Ndipo Bi Zuhura akaja, amepinda mgongo lakini sauti ile ile.

"Mamako alipokea arbuni yangu kabla hajafariki," alisema. "Mjukuu wangu apambwa mwisho wa mwezi."

Nikaingiza mkono mfukoni.

"Weka. Kama ni pesa ningemsamehe siku ile ile ya maziko. Neno lake lilikuwa ni muziki."

Nilimwambia kwamba sasa wako wasichana wanaopiga, wazuri, na kwamba mimi ni mwanamume mwenye ndevu. Alinitazama kana kwamba nimesema mvua ni maji. Nikafuta safari niliyokuwa nimelipwa kwenda kupiga.

Sherehe siku hizi hufanywa katika ukumbi wenye viyoyozi. Waliniweka kwenye ushoroba wa jikoni, ukuta mzima kati yangu na wao, nyaya zimepitishwa juu ya mlango, masufuria ya pilau yamenizunguka. Nilipiga taarabu, nikapiga chakacha, halafu nikawatilia hausi yangu mwenyewe chini yake, na kupitia ukuta nikasikia nyayo zimemeza sakafu. Nilikuwa bado na huzuni ya mama kifuani, na nilipiga kwa nguvu zote za diploma yangu na miaka yangu. Mlango ukafunguka kidogo. Bi Zuhura akaingiza kichwa.

"Wapiga vizuri," alisema, "lakini wawakimbiza. Mamako angaliwangoja."

Nikapunguza. Alibaki mlangoni ameinamisha sikio, mkono mmoja umeshika komeo. Nikapunguza tena kidogo, nikaacha nafasi kati ya ngoma na ngoma, nafasi ya mtu kuvuta pumzi.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Basi mamako hana deni." Akaufunga mlango, akarudi kwa wenzake.